TAARIFA YA TAWI: CHUMBA CHETU, TWISHENI YA JIONI NA WENZETU WA QT

*Haya ni maneno ya Kamati ya Tawi, Muyama, yaliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama. Tunayatuma kwa ndugu walioshindwa kufika kwa sababu ya shamba, msiba au safari. Yasomeni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.*



Ajenda ya kwanza leo ilikuwa mabati ya ofisi. Tumeisogeza, na mtaelewa kwa nini.

Mwaka jana tulimkodisha mtu chumba cha nyuma cha ofisi hii. Alisema ni mwalimu. Mchana na jioni alifundisha twisheni kwa watoto wa darasa la nne na la saba, na kuanzia saa kumi na mbili alifundisha watu wazima wanaojiandaa na QT. Tulifurahi. Taa iliwaka, na watu walisema tawi lina kazi ya kufanya hata kusipokuwa na uchaguzi. Tulipomwomba karatasi zake alitoa leseni ya biashara yenye mhuri. Tukaitazama, tukaridhika, tukapokea kodi.

Wenzetu 9 walimpa fedha ya kuwasajili kufanya mtihani. Mmoja wao aliuza maharage aliyoyaweka kwa ajili ya mbegu. Mwingine aliuza tangawizi ikiwa bado changa. Namba za watahiniwa zilipotoka, hakuna jina la hata mmoja wao lililokuwemo. Mwalimu naye hakuonekana tena.

Suala hili limefikishwa kwa mtendaji wa kata na polisi. Jina la mtu huyo hatutalitaja hapa, na tunaomba lisitajwe kwenye makundi. Simu si mahakama. Lakini jina letu tunalitaja: chumba ni chetu, kodi tulipokea sisi, na watu wengi walimwamini kwa sababu walimkuta chini ya bendera yetu. *Kwa hilo tunaomba radhi.*

Ndani ya Kamati walikuwepo waliosema tunyamaze, kwamba wapinzani wetu watalifanya wimbo. Tumewajibu hivi: wale 9 wanaishi hapa hapa, tunakutana nao sokoni na kwenye misiba. Tukinyamaza, wao hawatasahau.

*Tulikosea wapi?*

Hatukujua tofauti ya karatasi. Leseni ya biashara inampa mtu ruhusa ya kufanya biashara. Haimfanyi kuwa kituo cha elimu. Kituo cha kufundishia watu wazima na walio nje ya mfumo rasmi husajiliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Kituo cha kufanyia mtihani ni jambo jingine: hicho hutambuliwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Kituo kinaweza kufundisha vizuri kabisa na kisiwe na mamlaka ya kufanyisha mtihani. Katika hali hiyo kinatakiwa kuwaambia wanafunzi wake wazi ni wapi watakwenda kujisajili. Kwa hiyo karatasi za kuulizia ni mbili, na sisi hatukuuliza hata moja.

*QT ni nini?* Tunaeleza kwa sababu wengi wanaisikia tu. Ni mtihani wa maarifa kwa mtu ambaye hakupitia sekondari ya kawaida. Akifaulu, anaruhusiwa kujisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, yule ambaye namba yake ya mtihani huanza na herufi P. Cheti anachopata kinatolewa na Baraza lile lile. Aliyesoma sekondari, akafaulu mtihani wa kidato cha pili kisha akaacha, hahitaji kurudi QT. Kati ya wale 9 alikuwemo mtu wa namba hiyo, na alilipishwa QT ambayo hakuihitaji.

Usajili hufunguliwa mapema mwakani. Mtahiniwa hupata namba rejea kwenye kituo cha mtihani, hupewa kumbukumbu namba ya malipo, kisha hulipa benki au kwa simu. Fedha inaingia serikalini moja kwa moja. Tunaomba mlishike hili na mumfundishe na jirani: *fedha ya mtihani haipiti mkononi mwa mtu.* Anayesema "nipe mimi nikakulipie" mwambie akupe kumbukumbu namba ulipe mwenyewe. Baki na risiti.

*Kwa nini jambo hili ni zito kwetu sisi wa huku juu?*

Wazee wetu wanakumbuka. Wakati wa mkoloni nchi hii ya Buha ilifanywa shamba la kuvunia vibarua. Babu zetu walisainishwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wengi wakitia dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma. Mwalimu Nyerere alipotangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, watu wa vijijini walielewa haraka anachosema, kwa sababu walijua gharama ya dole gumba. Leo mtu wa Muyama anatoa fedha kwa karatasi asiyoijua ilivyo, mbele ya ofisi ya chama chake. Hapo tumerudi nyuma.

Na mlango wa elimu sasa uko wazi kuliko zamani. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa mpaka kidato cha nne. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba aliyekatisha masomo, hata kwa ujauzito, anaruhusiwa kurudi shuleni, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaweka utaratibu: ndani ya miaka miwili anarudi kwenye mfumo rasmi. Aliyechelewa zaidi ana njia mbadala kupitia TEWW, ambako kidato cha kwanza na cha pili husomwa kwa mwaka mmoja, na cha tatu na cha nne kwa mwaka mwingine. Kupitia mradi wa SEQUIP wapo wasichana waliosoma njia hiyo bila kulipa ada. Tunauliza: ni mabinti wangapi wa kata hii wanalijua hili? Kama kulikuwa na binti kati ya wale 9 ambaye angeweza kusoma bure, tulimwacha alipe kwa kutojua sisi wenyewe.

*Twisheni ya watoto.*

Hapa wanachama hawakubaliani, na ni haki yao. Wapo wanaotaka ipigwe marufuku: mwalimu asifundishe nusu darasani ili auze nusu nyingine jioni. Hoja hiyo ina uzito. Wapo wanaosema mzazi anatoka shambani jua limezama, nyumbani hakuna taa wala wa kumsaidia mtoto hesabu, na mtoto asiyekuwa twisheni yuko barabarani. Hoja hiyo nayo ina uzito. Mama mmoja alitwambia: "Mlipofunga chumba, wangu wa darasa la saba sasa anashinda kwenye kijiwe cha bodaboda." Hatukuwa na jibu.

Msimamo wa Kamati ni huu. Hatupingi watoto kusoma jioni. Tunapinga mtu asiyejulikana kukaa na watoto wetu usiku huku hakuna aliyeuliza anatoka wapi. Masomo ya ziada yafanyike shuleni, kwa makubaliano ya kikao cha wazazi yaliyoandikwa, mwalimu mkuu na afisa elimu kata wakijua, na asiyekuwa na fedha asifukuzwe mlangoni. Tutalipeleka hilo kwenye kikao cha kijiji kama wazazi.

*Maazimio yaliyopitishwa:*

1. Kodi yote tuliyopokea kwa chumba kile inarudishwa kwa wale 9, wanachama na wasio wanachama kwa usawa. Haitoshi kufidia walichotoa, lakini si halali yetu. Mabati yatasubiri. Mvua ikitunyeshea mkutanoni, tukumbuke sababu.

2. Chumba hakitakuwa darasa tena. Hata mwalimu mwema asifundishie hapa. Anayetaka kusoma asipite kwanza chini ya bendera ya chama chochote. Jirani wa chama kingine ana watoto pia, na hakuwa akiwaleta.

3. Wajumbe wawili watakwenda wilayani Buhigwe kwa afisa elimu ya watu wazima kuomba orodha ya vituo vilivyosajiliwa na vilivyo karibu. Orodha itabandikwa ofisi ya kijiji, kanisani na msikitini, na itatumwa hapa.

4. Kila mwanachama aliyemaliza kidato cha nne amsindikize mtu mmoja anayetaka kujisajili mwakani, mpaka namba itoke. Asimlipie kwa fedha ya mkononi. Amsindikize.

Kati ya wale 9, watu 6 wamesema watajaribu tena. Mmoja ana miaka 40 na zaidi, na anataka cheti ili aombe utendaji wa kijiji. Hao hawahitaji pole yetu zaidi. Wanahitaji orodha iliyo sahihi kabla usajili haujafunguliwa, na hiyo ndiyo kazi ya tawi kwa miezi hii.

Msomeeni na asiye na simu.

*Kamati ya Tawi, Muyama*