Sendwe Alikuwa Nani?
Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa Ruashi



Hapa kwetu tunasikia kila mara: "Mtoto ana homa kali, tumpeleke Sendwe." Njia ya hospitali hiyo wote tunaijua. Lakini tukimwuliza kijana Sendwe alikuwa nani, anajibu, "Ni hospitali." Jibu hilo ndilo lililotusimamisha leo mbele yenu.

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917. Kazi yake ilikuwa msaidizi wa daktari, basi jina lake halikukosea mlango. Akawa mkubwa wa chama cha Balubakat. Januari 1960 alikaa kwenye Meza ya Mviringo kule Bruxelles, na Mei akachaguliwa depite wa Baraza la taifa.

Hapa tukawie kidogo, maana sisi makarani tunajua nguvu ya karatasi. Baraza la provensi hapa Elisabethville lilikuwa na viti 60. Conakat ya Tshombe ilipata 25. Kartel, ndiyo Balubakat na wenzake, walikuwa karibu nyuma yao. Sheria ilidai theluthi mbili ya wajumbe wawepo ndipo serikali ichaguliwe. Watu wa Kartel wakakaa nje. Juni 1960 Baraza la Wabelgiji likageuza sheria ile, na Conakat wakashika serikali. Sisi tunaona Kartel walikosa: kiti kitupu hakisemi. Lakini anayegeuza sheria ya mchezo mpira ukiwa uwanjani, huyo amekosa zaidi.

Lumumba alimchagua Sendwe kuwa Kamishna wa serikali kwa Katanga. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitenga, na karatasi ya Léopoldville ikawa bure hapa. Agosti 1961, katika serikali ya Adoula, Sendwe akawa makamu wa waziri mkuu. Cheo kikubwa, ndiyo! Lakini miezi ile ile, hapa mjini, maelfu ya Baluba walilala katika kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wakiogopa kurudi katika nyumba zao. Makamu wa waziri mkuu hakuwa na amri hata juu ya mlango mmoja wa mji huu.

Tusifiche neno: kaskazini vijana wa chama chake nao walimwaga damu, na wakubwa hawakuweza kuwashika.

Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Mwaka ule Sendwe akawa rais wa provensi ya Nord-Katanga. Juni 1964, wakati wa uasi, aliuawa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo.

Wazee waliolala katika kambi ile wamebaki wachache. Ambaye baba au mama yake angali anakumbuka, amlete Jumapili kisha misa. Karani mmoja atakuwepo na daftari na kalamu.