Ningu Hupanda na Mvua

Masika yanapoujaza Mto Kagera, unaoitenga Wilaya ya Kyerwa, Tanzania, na Rwanda, maji hufurika hadi kwenye nyasi na mafunjo. Huo ndio msimu wa ningu, samaki wa Ziwa Victoria anayepanda mitoni kutaga. Kambare naye hutafuta majani yaliyofunikwa na mafuriko. Kamongo dume hulinda kiota chake kinamasini, lakini lazima aibuke kuvuta hewa, na mvuvi mzoefu humtambua hapo hapo.

Maarifa haya ya wavuvi ni sayansi ya watu waliochunguza maji yale yale kizazi baada ya kizazi. Yanastahili kuheshimiwa hivyo.

Tena maarifa hayo hupotea upesi. Utafiti wa mwanasayansi Cadwalladr, uliochapishwa 1965, ulieleza jinsi ningu walivyopungua na jinsi mbinu za asili za uvuvi katika Mto Nzoia, Kenya, zilivyodhoofika pamoja nao. Nyavu za makila zilizotegwa kwenye midomo ya mito ziliwanasa samaki kabla hawajataga. Samaki wakiisha, kijana atajifunza nini kwa babu yake?

Huku Karagwe kuna swali la karibu zaidi. Tangu 2019 Ziwa Burigi limo katika Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, ambako mvuvi haingii apendavyo. Asipovua, maarifa yake yatarithiwa vipi? Uhifadhi ni jambo jema. Hata hivyo, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na maofisa uvuvi wa wilaya waketi na wazee sasa, waandike majina ya samaki kwa Kinyambo, miezi yao ya kutaga na mazalia yao.