Maji Taka na Ufuko wa Ujiji



Mmeniomba nizungumze juu ya vituo vya kusukumia maji taka. Wengi wakisikia hivyo hufikiria mashine. Mimi naomba tuanze na ardhi. Maji taka hufuata mteremko, na mteremko haudai umeme wala vipuri. Huko Mwanza, ambako nyumba zimejazana juu ya majabali, yamelazwa mabomba membamba ya gharama nafuu, na uchafu hushuka wenyewe hadi kwenye bomba kuu. Pampu ni ya mahali ambapo mteremko umekwisha.

Hapa Ujiji mteremko unakwisha ziwani. Bomba tukiliacha lifuate njia yake, litamwaga pale pale wanapochota maji akina mama na kutia nanga wavuvi wa dagaa. Na Tanganyika si mto wa kubeba uchafu ukaenda nao. Kina chake kinafika karibu mita 1,470, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengine hupotea kwa mvuke, uchafu ukabaki. Mwaka 2003 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulihifadhi ziwa hili. Lakini mkataba hauchemshi maji ya ndoo.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni kwamba ziwa hupanda. Wazee wanaikumbuka 1964, na sote tuliyaona ya 2024. Kisima cha kupokelea maji taka kikichimbwa karibu na ufuko huwa na tabia ya jahazi: kikiwa kitupu, na maji ya ardhini yamepanda, kitainuka na kukata mabomba yake. Kwa hiyo zege lake liwe zito la kutosha kukishikilia, na mfuniko pamoja na kabati la umeme vikae juu ya alama ya maji makubwa kuliko yote. Alama hiyo mtaonyeshwa na wazee.

Pampu ziwe mbili, na kila moja iweze peke yake kuyamudu maji ya saa ile ya asubuhi ambapo mji mzima unaoga. Bomba nalo lisiwe pana mno kwa tamaa ya kesho. Maji yasipokwenda kwa kasi inayokaribia mita 1 kwa sekunde, mchanga hutuama na bomba huziba.

Siku ya kuwasha, msianze na maji taka. Jazeni maji safi, mjaribu pampu moja moja. Tazameni mota inazungukia upande gani, kwa sababu nyaya mbili zikibadilishana nafasi pampu huzunguka kinyume na bado husukuma maji kidogo, hata asiye makini akaridhika. Kisha zimeni umeme makusudi, mbele ya wageni wa heshima ikibidi, mhesabu ni dakika ngapi zitapita kabla kisima hakijafurika. Ni kweli, mwaka 2022 Kigoma iliunganishwa na gridi ya taifa, lakini hakuna gridi isiyokatika. Dakika hizo ndizo muda alionao fundi wa kuwasha jenereta. Zikiwa chache kuliko mwendo wa kutoka kwake hadi kituoni, kituo hicho kitamwaga ziwani.

Na mtu asishuke kisimani peke yake, wala bila kupima hewa. Gesi ya humo huua pua kwanza, ndipo huua mtu. Mara nyingi wa pili kufa ni yule aliyeshuka kumwokoa mwenziwe.

Mhandisi atakapokuja na ramani, mwulizeni bili ya umeme ya mwaka wa tano italipwa na nani, vipuri vitakaa ghala gani, na nyumba zenye vyoo vya shimo zitaunganishwa kwa gharama ya nani. Asipokuwa na majibu, mwambieni arudi nayo kabla ya kuchimba.

Sasa niko tayari kwa maswali.