Sambret: Kijito Kinachosingiziwa



Kila panapozuka mjadala kuhusu mito ya Msitu wa Mau, hasimami mtu wa kwanza wala wa pili kabla hatujaambiwa kwamba jambo hili lilikwisha zamani: Sambret, kijito cha Kericho, ilithibitisha kuwa chai haikaushi mto. Wanaosema hivyo ni watu wa heshima. Jioni hii nataka kuivunja kauli yao, kwa kuwa inakibebesha kijito hicho ushahidi ambao hakikuutoa.

Jiografia mnaijua. Mvua ya Kericho huweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yake hushukia mto Sondu hadi ghuba ya Winam, na ya Bomet huingia mto Nyangores, kisha Mara. Niende kwenye kijito chenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti Charles Pereira na wenzake wa kituo cha utafiti cha Muguga walichagua mabonde mawili jirani. Lagan, takriban hekta 540, likaachwa msitu. Sambret, hekta 700 hivi, nusu yake ikafyekwa, ikapandwa chai. Wakapima mvua, unyevu wa udongo na maji yapitayo kizingitini, wakaendelea hadi miaka ya 1970. Taarifa zao za 1962 na 1979 nimezisoma mpaka kurasa zimelegea, na sijaona kazi ya sayansi ya maji iliyo bora kuliko hiyo katika nchi hii. Hawakuficha kitu. Udongo ulipokuwa wazi, mafuriko yalipanda; michai ilipofunika ardhi, yakatulia. Na chai iliyokomaa haikunywa maji kuliko msitu.

Hilo nalikubali bila kigugumizi. Lakini ni chai ya namna gani? Ilipandwa kwa kufuata kontua, mifereji ya kukinga maji ikachimbwa, na sehemu ya juu ya bonde ikabaki msitu na mianzi. Anayetuambia "Sambret ilithibitisha" analichukua bonde lililolelewa hivyo na kuliweka mahali pa hekta 22,797 za Mau Kusini-Magharibi zilizotolewa msituni mwaka 2001, ambako jembe liliingia bila mhandisi. Na swali kuu la Pereira lilikuwa wingi wa maji. Tope ni kesi nyingine.

Watafiti waliolipima tope huko huko Mau katika miaka ya 2010 walipata tani 21 hivi kwa kilomita ya mraba kwa mwaka kwenye bonde la msitu, 42 kwenye chai, na zaidi ya 130 kwenye mashamba madogo. Hapo chai inajitetea vizuri, nami siwezi kumlaumu mkulima aliyerithi kipande cha ekari moja kwenye mteremko.

Tope hilo latoka wapi? Nimekulia Bomet nikichunga ng'ombe wa baba. Njia ya kuwateremsha mtoni ilikuwa imechimbwa na kwato hadi magotini. Mvua ya alasiri ikianza, njia ile ilikuwa ikitiririka maji mekundu kabla mahindi hayajalowa vizuri, na yote yakaishia pale pale tulipochota ya kunywa.

Ndiyo maana, hata baada ya kuzipima hoja zote, bado nashikilia kwamba mto hulindwa au huuawa ukingoni. Kanuni za maji za 2007 ziliupa mto ukingo uliolingana na upana wake, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30. Kwa hesabu hiyo Sondu, uliokwisha kukua, ulipata ulinzi mkubwa, na kijito cha hatua mbili kule juu, chenye mteremko mkali na mvua nyingi zaidi, kilipewa mita 6. Hesabu hiyo igeuzwe. Kijito chochote kinachoanzia Mau kipewe mita 30 kamili za miti ya asili, mikaratusi ing'olewe humo, na ng'ombe wajengewe birika nje ya ukingo.