Ndege Wetu, Msitu Wao

(Hotuba fupi ya wajumbe wa ziara ya Ufini mbele ya kamati za sharika na wafadhili)



Juni iliyopita wenyeji wetu wa Ufini walitupeleka kutwa nzima kutazama ndege katika misitu ya Kuusamo, kaskazini mwa nchi hiyo, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Oulanka iliyoanzishwa mwaka 1956. Baadhi yenu mmetuuliza: watu waliotumwa kujifunza maendeleo walifuata nini porini? Swali ni la haki, na leo tunalijibu.

Karibu robo tatu ya ardhi ya Ufini ni msitu. Kuusamo tulikuta misonobari, miti ya betula yenye gome jeupe, na mbu wasio na idadi. Mwezi huo usiku hauingii giza. Wadudu ni tele na mwanga upo saa zote, hivyo ndege hupata muda mrefu wa kulisha makinda.

Ndege tuliyemsikia zaidi ni mdogo sana, Wafini humwita pajulintu. Uzito wake ni karibu gramu 10, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Baridi ikikaribia, husafiri zaidi ya kilomita 7,000 kuja Afrika, na wengine hufika kwetu. Kwenye kinamasi tulimwona kitwitwi, aina ileile tunayoiona kwenye majaruba ya mpunga. Kumbe ndege tuliodhani ni wetu huzaliwa huko! Lakini zaidi ya nusu ya vinamasi vya Ufini vimekaushwa kwa mifereji, hasa ili kukuza miti ya mbao.

Somo kubwa tulilipata kwenye mti uliokufa. Kigong'ota mweusi hutoboa shimo, akihama huingia bundi au bata. Ndege mwingine mdogo, hömötiainen, huchimba kiota chake kwenye betula iliyooza. Misitu mizee ilipokatwa na visiki vilivyooza kuondolewa, alipungua mno. Mwaka 2019 Ufini ilimweka katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Hatuwalaumu wenyeji wetu, maana mbao na karatasi zimejenga nchi yao. Siku hizi wavunaji huacha baadhi ya miti hai na visiki virefu kwa ajili ya ndege.

Vilevile tai mla samaki, ambaye naye huja Afrika, hujenga kiota juu ya misonobari mizee yenye kilele bapa. Miti hiyo ilipoadimika, watu wa kujitolea walianza kumtengenezea majukwaa ya mbao juu ya miti. Tangu miaka ya 1970 hukagua viota kila mwaka na kuvisha makinda pete zenye namba. Hiyo ni kazi ya watu wa kawaida, kama kamati zetu.

Ndugu zetu, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila usharika uorodheshe miti mizee na yenye mashimo katika viwanja vyake. Isiyohatarisha watu wala majengo isigeuzwe kuni. Pili, tusilime hadi ukingoni mwa mito na mabwawa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60. Tatu, tunawaomba wafadhili: mnapotuuliza katika taarifa tumepanda miche mingapi, tuulizeni pia tumeacha miti mizee mingapi. Mche hupandwa asubuhi moja, bali mti wa kutosha kiota cha bundi huchukua umri wa mtu.

Wenzetu hulea ndege hawa majira ya joto, sisi huwapokea miezi iliyobaki. Kila upande ukitimiza zamu yake, ndege watarudi.