Chozi wa Kisarawe na Makala Iliyokosea Jina

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo wa Kibaha na Kisarawe)



Leo sikuja kuwafundisha kusoma. Kusoma mnajua. Nimekuja kuzungumza juu ya kazi inayofuata baada ya mtu kujua kusoma. Kazi hiyo ni kuyapima yaliyoandikwa. Nitawaeleza kwa kisa kilichotupata hapa hapa kwetu, na katika kisa hicho mwenye makosa mengi nilikuwa mimi mwalimu.

Mwenzangu mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu husaidia kuandika makala za kamusi elezo kwa Kiswahili. Kamusi elezo si kama kamusi ya kawaida inayotoa maana ya maneno. Hii hueleza mambo ya dunia: miji, magonjwa, mazao, wanyama, historia. Zamani ilikuwa ni vitabu vikubwa vya kuwekwa maktaba. Siku hizi ziko zinazosomwa hata kwa simu. Wikipedia ya Kiswahili, kwa mfano, ilianza mwaka 2003, na msomaji yeyote anaruhusiwa kuisahihisha.

Basi, mwenzangu alinipa rasimu ya makala fupi kabla haijatolewa. Alitaka kujua kama lugha yake inaeleweka kwa wanakisomo. Juu ya karatasi paliandikwa "Chozi". Nyote mnamjua chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, dume lake linang'aa juani kama kitambaa cha hariri. Yumo katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na yumo katika migomba yetu.

Makala ilisema mambo haya:

1. Chozi ni ndege mdogo sana mwenye mdomo mrefu.
2. Hunyonya maji matamu yaliyomo ndani ya maua.
3. Huweza kusimama hewani mbele ya ua bila kutua, na huweza kuruka kinyumenyume.
4. Jike hujenga kiota mfano wa kikombe kidogo.

Niliisoma kwanza na kikundi cha Kibaha. Walifanya kazi nzuri. Walitoa maneno magumu, wakarekebisha herufi, wakakata sentensi ndefu. Mwisho wakasema, "Mwalimu, makala ni safi." Nami nikaandika pembeni: safi.

Juma lililofuata niliipeleka Kisarawe. Tulipofika kwenye habari ya kiota, mama mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Huyu chozi wa kwenye karatasi siye."

"Kwa nini, mama?"

"Chozi hajengi kikombe. Chozi anatundika kifuko. Mlango wake uko ubavuni. Kwangu kipo kimoja kwenye mlimau, nyuma ya jiko."

Sikilizeni nilivyomjibu. Nilimwambia, "Mama, haya yameandikwa na watu waliosoma."

Yule mama hakukasirika. Aliniuliza tu, "Hao waliosoma walikiona wapi? Mimi nimekiona leo asubuhi."

Ndugu zangu, lile ni swali ambalo kila msomaji anapaswa kumwuliza kila mwandishi. Umekiona wapi? Lini? Kama hukukiona wewe, nani alikiona akakuambia? Mimi nilikwenda chuo miaka kadhaa, na swali hilo nilifundishwa upya na mwanafunzi wangu.

Tulifunga madaftari tukaenda nyumbani kwake. Tukasimama mbali kidogo na mlimau. Kweli bwana, kifuko kilikuwa kinaning'inia kwenye kitawi. Kilikuwa cha nyasi kavu, nyuzinyuzi za mimea na vipande vya majani, vyote vimefungwa kwa utando wa buibui. Mlango ulikuwa ubavuni, na juu ya mlango kulikuwa na kibaraza kidogo cha kuzuia mvua. Tulisubiri. Chozi jike akaja, rangi yake ya kufifia, mdomoni ana mdudu. Akaingiza kichwa mlangoni, akatoka, akaenda zake.

Hapo tukaona na jambo la pili. Makala ilitaja maji ya maua tu. Lakini chozi hula pia wadudu na buibui, na makinda yake huyalisha hasa wadudu. Kinda anahitaji chakula cha kujenga mwili, sawa na mtoto wa mtu. Uji wa sukari peke yake haumkuzi.

Jioni nilimpigia simu mwenzangu. Nilipomweleza habari ya kiota alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Akasema, "Loo! Nimekosea jina." Alikuwa ametafsiri makala ya ndege mwingine kabisa, ndege wa Amerika. Alipotafuta jina la Kiswahili la ndege mdogo anyonyaye maua, akapata "chozi", akaliweka juu ya karatasi. Hapo kosa likawa limeingia.

Sasa niwaeleze juu ya ndege huyo wa Amerika. Kiswahili hakikuwa na jina lake la zamani, maana kwetu hayupo. Mimi nitamwita ndege mvumaji, kwa ajili ya mvumo wa mabawa yake. Waingereza nao wamempa jina kwa sababu hiyo hiyo. Wavumaji wako aina zaidi ya 300, na wote huishi katika bara la Amerika na visiwa vyake, kuanzia Alaska kaskazini hadi ncha ya kusini. Mmoja wao anayeishi kisiwa cha Kuba ndiye ndege mdogo kuliko wote duniani. Uzito wake ni kama gramu 2 tu. Chumvi ya nusu kijiko cha chai inamshinda uzito.

Mvumaji ana kiungo cha bega kinachomwezesha kugeuza bawa huku na huku. Hupiga mabawa mara nyingi mno kwa sekunde moja, hata jicho halioni bawa, linaona kivuli tu. Ndiyo maana anaweza kusimama hewani kwa muda mrefu na kurudi kinyumenyume. Na kiota chake ndicho kile cha mfano wa kikombe.

Mnaona, ndugu zangu? Kila sentensi ya makala ile ilikuwa na ukweli wake mahali fulani. Lakini ukweli wa mvumaji ulikuwa umevishwa jina la chozi. Jina likikosewa juu, yote ya chini yanapotea. Ni kama cheti cha kliniki. Vipimo vyote viwe sahihi, lakini kikiandikwa jina la mtoto mwingine, mgonjwa atapewa dawa isiyo yake.

Mtauliza, mbona ndege hawa wawili wanafanana hivyo? Je, ni ndugu? Hapana. Chozi yuko karibu zaidi na shomoro kuliko na mvumaji. Mvumaji naye udugu wake uko kwa teleka, wale ndege warukao kwa kasi kama mbayuwayu. Kinachowafananisha ni kazi. Mvuvi wa Mafia na mvuvi wa Ziwa Viktoria si watoto wa baba mmoja, lakini wote wawili wana mtumbwi na wavu, maana kazi yao ni moja. Ndege anayetafuta maji matamu ndani ya ua refu anahitaji mdomo mrefu na ulimi mrefu, awe Amerika au awe Kisarawe. Na wote wawili hulilipa ua kwa kubeba unga wake wa uzazi hadi ua jingine.

Kisa hakikuisha hapo. Nilirudi Kibaha kifua mbele kuwaeleza wale waliosema makala ni safi. Nikatangaza, "Hapa kwetu hakuna kiumbe kama huyo anayesimama hewani mbele ya ua. Huyo ni wa Amerika tu."

Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, mimi nimemwona. Anakuja magharibi, jua likishazama, kwenye maua meupe ya pale nyumbani. Anasimama hewani, anavuma, anaingiza mdomo uani, hatui kabisa."

Mimi nikacheka. Na kwa kuwa mwalimu amecheka, darasa lote likacheka. Mzee akanyamaza. Kipindi kilichofuata hakuja.

Ndugu zangu, jambo hili bado linaniuma. Mtu mzima akitoka nyumbani kwake baada ya kulima kutwa, akaja kukaa kwenye dawati, akasema alichokiona, kisha akachekwa, anaweza asirudi tena. Nilikuwa nimesahau swali la yule mama wa Kisarawe. Sikumwuliza mzee ameona wapi na lini. Nilimcheka tu.

Namshukuru Mungu mzee wetu ana moyo mgumu. Baada ya juma moja alikuja na chupa pana ya kioo, kinywani imefungwa kitambaa. Akaiweka mezani kwangu. "Huyu ndiye," akasema.

Tulitazama. Alikuwa nondo. Sisemi nondo za kujengea nyumba, nasema yule mdudu wa jamii ya kipepeo arukaye usiku. Alikuwa mkubwa, mwili mnene, vipapasio viwili kichwani, miguu sita, na ulimi mrefu uliojikunja kama uzi. Wako nondo wa namna hii wanaosimama hewani mbele ya ua na kuvuma kama mvumaji. Hata nyie mnawajua watoto wao, ila hamkujua ni wao. Yule kiwavi mkubwa mwenye pembe nyuma, alaye majani ya viazi vitamu, akikua huwa nondo wa aina hii.

Basi mzee alikuwa sahihi. Alichokiona ni kweli tupu, ila jina ndilo lilikuwa la kutafuta. Aliyekosea ni mimi niliyesema kiumbe wa namna hiyo kwetu hakuna. Na nilikosea mara mbili, maana hata chozi mwenyewe, mkimwangalia kwa subira, mara nyingine husimama hewani kidogo mbele ya ua. Lakini hachukui muda. Kwa kawaida hutua kwenye kikonyo ndipo anyonye. Nilimwomba mzee radhi mbele ya darasa lote, naye akanisamehe. Nikamwachia yeye kazi ya kumfungulia nondo aende zake.

Ndipo tukaitengeneza makala, vikundi vyote viwili. Hatukuandika "mama mmoja kasema" au "mzee mmoja kasema", maana kamusi elezo haipokei neno la mtu mmoja. Inataka jambo liwe limehakikishwa na kuandikwa mahali pa kuaminika. Kwa hiyo tulitafuta kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki cha Terry Stevenson na John Fanshawe. Ndani yake tuliona picha za chozi wa namna nyingi. Mvumaji hayumo, kwa sababu kwetu hayupo. Makala yetu sasa inasema hivi:

"Chozi ni ndege wadogo wa Afrika, Asia na Australia. Mdomo wao ni mwembamba na kwa kawaida umepinda. Hula maji matamu ya maua, wadudu na buibui. Mara nyingi hutua wanaponyonya, ingawa huweza kusimama hewani kwa muda mfupi. Kiota chao ni kifuko kinachoning'inia, chenye mlango ubavuni. Wasichanganywe na ndege wavumaji wa Amerika, ambao si jamaa zao wa karibu."

Makala ni fupi, lakini kila neno lina shahidi. Mwenzangu aliipokea kwa furaha, na mvumaji akamwandikia makala yake peke yake.

Msidhani kazi hii imekwisha. Katika milima ya Udzungwa yuko chozi mwenye rangi ya kutu mabawani, ambaye wataalamu walimtambua mwanzoni mwa miaka ya 1980 tu. Kitabu kilichochapwa mwaka 1975 hakikuweza kumtaja, hata kama kiliandikwa na bingwa. Elimu huongezeka, na makala lazima isahihishwe kila inapoongezeka.

Kwa hiyo, ndugu wanakisomo, kila mkisoma makala fanyeni hivi:

Kwanza, tazameni jina. Je, habari ni ya kitu chenyewe au ya kinachofanana nacho?

Pili, chukueni sentensi moja moja. Gawanyeni karatasi sehemu tatu: anavyosema mwandishi, tulivyoona sisi, nani ameona, wapi na lini.

Tatu, mkipata tofauti, msikimbilie kusema mwandishi mwongo, wala msikimbilie kusema sisi wajinga. Tafuteni shahidi wa tatu.

Nne, asichekwe mtu.

Na kwa mkutano ujao nawapa kazi. Kikundi cha Kisarawe kitazame maua ya mgomba asubuhi. Chozi anatua au anasimama hewani? Mara ngapi? Kikundi cha Kibaha kitazame maua meupe jua likizama, kihesabu nondo. Andikeni tarehe na saa. Kiota mkikiona, msikivunje kuniletea darasani. Niiteni mimi nije, kama nilivyokwenda kwa yule mama.

Makala ile kuna siku itasomwa na mtoto wa Kisarawe kwenye simu ya baba yake. Atatoka nje, atatazama mlimau, ataona kifuko kama kilivyoandikwa. Mtoto huyo atajua kwamba maandishi yanaweza kuaminiwa, maana watu wa kwao waliyapima kabla yake.