Kitanda cha Mtoto Mwenye Pumu

Leo tunataka kuongea juu ya pesa za mzunguko na vyombo vya chumba cha kulala.

Mwenzetu mmoja wa upande wa Molo alipopata zamu yake alinunua kitanda chenye kichwa cha mahameli, zulia na mapazia mazito. Tulienda kushangilia. Lakini godoro likabaki lile la zamani, maana pesa ziliisha. Baada ya majuma machache mwanawe mwenye pumu akawa anakohoa usiku kucha. Sisi tukasema ni baridi ya Molo.

Kumbe shida ilikuwa kitandani. Ndani ya godoro, mto, blanketi na zulia huishi wadudu wadogo mno, hata nusu milimita hawafiki. Hawaumi kama kunguni. Hula magamba ya ngozi yanayotudondoka, na hupenda unyevu. Kinyesi chao kikivutwa puani, mwenye mzio hubanwa kifua.

Sasa mtauliza, tununue nini? Anzeni na godoro, si kichwa cha kitanda. Lipate kifuniko cha kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, chenye zipu, kilizunguke lote. Mto vilevile, na usiwe wa kujazwa matambara. (Wengine huacha ile nailoni ya dukani. Kwa mtoto mchanga ni hatari, inaweza kumziba pumzi.) Kitanda kiwe cha mbao tupu au chuma, kimeinuka, ufagio upite chini. Yale magunia ya mahindi tunayosukumia chini ya kitanda yatafutiwe pahali pengine! Nguo zikae sandukuni au kwenye kabati lenye mlango.

Shuka zifuliwe kila juma kwa maji ya moto, digrii 60, yaani moto usioweza kutia mkono. Pangusa kwa kitambaa kibichi, na fungua dirisha mchana.

Jambo moja kati ya haya peke yake halisaidii sana, yaende pamoja. Wala dawa ya kuvuta isiachwe bila daktari kusema.

Yule mama aliuza zulia akanunua godoro. Fundi akabandua mahameli, zikabaki mbao. Mtoto bado anavuta dawa yake asubuhi na jioni, lakini usiku sasa analala.